Majani ya Rwiziringa

Jirani yetu kule Muheto alisikika kabla hajaonekana. Alipopanda kilima na ng'ombe wake, kwanza ilikuja pumzi ikilia kama filimbi, kisha yeye mwenyewe, mkono mmoja umeshika mbavu. Dawa yake ilikuwa rwiziringa, jani lenye harufu mbaya lililojiotea kwenye samadi nyuma ya zizi. Mbegu zilitoka wapi, kila mtu alikuwa na lake: kwenye kwato za ng'ombe waliotoka Gishari, ao kwenye shamba la mzungu. Yeye aliyakausha majani yake, akavuta moshi kidogo kwa kiko, akakohoa, akamshukuru Mungu.

Mwaka wa hamsini na mbili, wakati wa mvua, moshi ulishindwa, akayachemsha akanywa. Mkewe Verdiane aliniita mchana. Nilimkuta amechuchumaa uani, mboni zimejaa jicho zima, kibuyu kitupu kati ya magoti, vidole vikikamua hewa polepole.

"Mama, shika mutoto wa Bihogo, anasumbua," aliniambia.

Bihogo alikuwa ng'ombe wake aliyekufa zamani.

"Bihogo iko wapi, Papa?" nikamuuliza.

"Njo huyu," akaonyesha kwa kidevu hewa iliyo mbele yake.

Verdiane alilia, akidhani mumewe anakufa. Mimi nikanyoosha mikono nikamshika ndama, sijui kwa nini. Alipomaliza kukamua alinipa kibuyu kwa mikono miwili. Nikakipokea kwa miwili, nikanywa. Siku ya tatu akili zilimrudia, hakukumbuka kitu. Mimi ndiye ninayekumbuka kwamba, nilipomrudishia kibuyu kile kitupu, nilijifuta mdomo.