Chuma Ninachokimwagilia Maji

Kila asubuhi humwagilia chuma. Ni kipande cha nondo nilichokipigilia ardhini nje ya dirisha la kibanda changu cha kutengeneza simu, hapa Korogwe. Majirani wamechoka kuniuliza kitachipua lini, isipokuwa muuza samaki wa mbele yangu. "Vuli imepita, Msambaa," huniambia, "hata jani moja!"

Kutoka kwenye nondo hiyo waya unapita dirishani hadi kwenye bangili ya shaba mkononi mwangu wa kushoto, na katikati yake nimeweka rizista ili umeme wa kweli ukija usinimalize. Kazi ya waya ni kumwaga ardhini umeme tuli, ule unaolia tatatata ukivua sweta. Ardhi ikikauka haiupokei vizuri, ndiyo maana ya maji. Mtu haumdhuru. Lakini bodi ya simu ukiigusa nao inakufa kimya, bila moshi wala harufu. Niliwahi kuua moja hivyo, ya mwalimu mmoja, nikamwambia ilikuja imekufa. Uongo ule unaniwasha hadi leo.

Wateja wakiuliza kwa nini nimefungwa, kila mmoja humpa jibu lake. Dereva wa bodaboda nilimwambia ni mke wangu.

Kiangazi kilichopita alikuja mama mmoja kutoka Kwamsisi na simu isiyopokea chaji. Ndani yake mlikuwa na ujumbe wa sauti aliotumiwa na mumewe siku chache kabla hajafariki, na haukuwa mahali pengine popote.

"Picha yake nzuri sina," alisema. "Lakini humo ananigombeza vizuri sana."

Nikamwambia aache simu, arudi baada ya adhuhuri. Alipofika mlangoni akageuka. "Na wewe mwanangu, nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, mama, nisitoroke kazi. Chuma kile kikishika kitu, kimeshika."

Mdomo wangu huo!

Mchana bodi ilikuwa uchi mezani, nimebakiza kuunga kipande cha mwisho, mara mkono wangu wa kushoto ukaondoka. Sikuuondoa mimi. Ulivutwa kuelekea dirishani, nami nikaufuata, kibano kikaanguka. Kisha waya ukakatika, na nikaiona nondo yangu ikipita nje, inaburutwa na mbuzi.

Nikasimama mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Nilikuwa na shati la nailoni, nimekaa asubuhi nzima kwenye kiti cha plastiki, na sasa sina pa kuumwagia umeme wangu. Kidole kimoja tu pale mezani na sauti ya marehemu ingeweza kwenda. Niliogopa kweli, na safari hii nilijua nisingeweza kusema ilikuja imekufa.

Mama akatokea mlangoni, anahema. "Nisamehe mwanangu. Nimenunua mbuzi mnadani, nikaona chuma kinakushika wewe mtu mzima, nikasema mbuzi atakiweza wapi?"

Muuza samaki alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kumkamata mbuzi. Mimi nilipigilia nondo upya, nikaimwagilia ndoo nzima, nikaunga waya, nikavaa bangili. Ndipo nikaigusa bodi.

Simu iliwaka. Mama akatafuta kwa kidole gumba, polepole, na sauti ya mwanaume ikatoka kali: "Wee mama, mbuzi umemfunga? Jana kala mahindi yangu yote! Mfunge vizuri, nasema!"

Akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimtikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Mimi machozi yalinitoka, sifichi. Kisha akaisogeza simu karibu na midomo.

"Nimemfunga, mume wangu," akasema. "Kwenye chuma cha fundi."