Mutuku Alivyokunywa Zinki kwa Niaba ya Mke Wake

Nimeona mambo Nairobi hii, lakini mwanaume kunywa dawa ndio chanjo ya bibi yake ishike? Hiyo niliiona Kawangware, na macho yangu haya haya.

Mimi ni Nasike, nyanya wa Soweto West, hapa Kibera. Figo zangu zilikataa kazi kitambo, kwa hivyo damu yangu huoshwa na mashine. Hospitalini, kiti cha kando yangu ni cha Kalekye, Mkamba wa Kabiro, kule Kawangware. Huyo sasa ni dada.

Sisi watu wa mashine hudungwa chanjo ya homa ya ini, maana damu yetu inatoka nje na kurudi, na ugonjwa huo hupitia damu. Yangu ilishika.

Ya Kalekye ikapimwa. Wapi!

"Usishtuke," sista Phanice, muuguzi wetu wa mashine, akamwambia. "Figo zikilala, kinga nayo huwa nzito. Tutarudia, na dozi kubwa."

Kalekye akalia. Dada yake wa kuzaliwa alizikwa na hiyo homa ya ini.

Jumapili akakutana na Gerishon.

Gerishon ni nani? Ni kijana wa tai nyekundu na spika mbovu, anauza unga wa zinki pale Kabiro. Eti madini yakiingia, chanjo iliyolala inaamka. Unakoroga kwa jagi zima la maji, asubuhi na jioni.

Jagi! Mtu wa mashine hunywa maji kama kifaranga. Yakizidi, yanamjaa kwa mapafu.

Gerishon hakukosa jibu. "Mke na mume ni mwili mmoja. Mzee akunywe kwa niaba."

Na watu wakasema amina! Si kanisani mgonjwa huombewa kupitia leso yake? Basi Mutuku, mume wa Kalekye, fundi viatu, mtu mzima na ndevu zake, akainua jagi hadharani ili atibu damu ya mtu mwingine.

Siku ya sindano, Kalekye akakunja mkono.

"Sidungwi tena. Mutuku anakunywa."

Sista Phanice akajaribu pole pole. "Mama, hata zinki ya kweli, wataalamu bado wanabishana kama inasaidia. Na hiyo ya barabarani nani anajua imechanganywa na nini?"

Kalekye akaufunika mkono na leso.

Nikaona huyu mtu atatufia hapa na ukaidi wake.

"Kalekye," nikamwita, "Mutuku anakunywa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi Alhamisi aje yeye alale kwa hii mashine, wewe ubaki ukishona viatu."

Chumba kizima kikacheka, hata mzee Muli, mgonjwa mwenzetu ambaye huwa anatukana tu.

"Nasike, una mdomo mbaya!"

"Na wewe una mkono. Leta."

Akautoa. Akadungwa siku hiyo, na zingine zote mpaka zikaisha.

Damu ikapimwa tena. Imeshika!

Lo, Gerishon kusikia tu, akamwita atoe ushuhuda. Nikafunga leso yangu nikaenda. Hiyo singekosa.

"Mama huyu ameokolewa na zinki!" akapayuka, akampa spika.

Kalekye akakohoa kidogo.

"Mume wangu alikunywa jagi moja, akashinda chooni. Zingine zote alimwagia sukuma wiki yetu tuliyopanda kwa gunia. Jana alikiri mwenyewe mbele yangu. Sasa kama ni zinki, Gerishon, njoo upime sukuma kama imeshika chanjo."

Watu walicheka wakashikana mabega. Mutuku alijificha nyuma ya kibanda cha mahindi. Gerishon akanyakua spika yake, tai imeenda upande.

Mnadhani iliishia hapo?

Mama mmoja akamvuta shati. "Kijana, na hiyo ya sukuma unauza ngapi?"

Wapendwa, nimesoma madarasa machache tu, lakini hii najua. Sindano hudungwa mwenye mwili. Mtu akijitolea kukunywea dawa, muulize kwanza kama atakufia pia.