Damu Iliyorudi Butiama

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Musoma, Mkuu wa Maabara hakunikaribisha hata kiti. Alinipa kioo chenye tone la damu iliyokauka, akaniagiza nikipake rangi, nikiweke kwenye hadubini na nihesabu vimelea vya malaria. Nilihesabu mpaka macho yakatoa machozi. Akaniuliza mwenye damu ile yuko katika hali gani. Nikajibu kwamba lazima yuko mahututi. Akanielekeza dirishani. Alikuwa mfagizi wetu, anafagia uwanja huku anapiga mluzi.

"Damu inajua mambo ambayo mwenyewe hayajui," akasema. "Wewe kazi yako ni kuisikiliza hiyo."

Ilikuwa miaka ya shida, sabuni kwa foleni na dizeli kwa kibali. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa na vyumba vitatu na Landrover moja. Tulikuwa tunachunguza kidonge kilichotegemewa na zahanati zote za mkoa pale klorokwini iliposhindwa, chenye salfa na pirimethamini.

Ninyi mnaosoma kemia mnaijua pirimidini: pete ya pembe sita, kaboni nne na naitrojeni mbili. Baadhi ya herufi za urithi wa kila kiumbe zimejengwa juu ya pete hiyo. Mwili wa binadamu ukipungukiwa huokota pirimidini zilizokwisha kutumika, ukazitumia tena. Kimelea cha malaria hakiwezi. Lazima kijijengee chenyewe. Pirimethamini nayo ina pete hiyo hiyo. Inaingia kwenye kimeng'enya, kichocheo kinachohitajika katika ujenzi, ikanasa humo kama ufunguo uliovunjikia kwenye kufuli. Ujenzi unasimama, kimelea kinakufa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Tulipima kwa njia mbili. Kwanza, mgonjwa anameza dawa, tunarudi siku ya pili na ya saba kutazama damu yake. Pili, tunatia damu kwenye sahani yenye vishimo vidogo. Kishimo cha kwanza hakina dawa, vinavyofuata vina dawa inayozidi ukali. Sahani inaingia kwenye chupa kubwa ya kioo pamoja na mshumaa unaowaka, tunafunika. Mshumaa unakula hewa, unafifia, unazimika wenyewe. Hewa inayobaki ndiyo wanayoipenda wale wadudu. Tunaiacha chupa kwenye joto kama la mwili karibu siku mbili, kisha tunatazama ni katika vishimo gani dawa imewazuia kuzaa. Tulikuwaga tunanyamaza wote mpaka uzimike, sijui kwa nini.

Mwaka wangu wa nne tulikwenda kijiji kimoja kupita Kiabakari, upande wa Butiama. Huko nilimpa kidonge mtoto aitwaye Nyangeta, wa miaka kama sita, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Wakuru. Siku ya pili tuliporudi, homa ilikuwa imeshuka na mtoto anaruka kamba na wenzake. Nilitazama damu yake pale pale kwenye meza ya shule. Vimelea vilikuwa vimeongezeka. Nikainua macho kumtazama anavyoruka, nikarudi kwenye hadubini, nikahesabu upya.

Kwa utaratibu alipaswa kupewa kwinini mara moja. Zahanati haikuwa nayo. Nilitoa damu kidogo mkononi mwake kwa ajili ya sahani, nikamwahidi Bibi Wakuru kwamba kesho tutaleta dawa nyingine kutoka Musoma. Tulifika Musoma na tanki tupu. Kesho yake mji mzima haukuwa na dizeli. Nilizunguka kutafuta lori la kwenda huko, nikakosa.

Siku iliyofuata, asubuhi, muda wa sahani ulitimia. Nilichukua tone kutoka kila kishimo, nikapaka rangi. Katika kishimo kisicho na dawa, vimelea vilikuwa vimekomaa na kuzaa. Sawa. Nikasogea kishimo cha pili, cha tatu, nikafika cha mwisho chenye dawa kali kuliko zote. Vilikuwa vimezaa vile vile, kama vile sikuweka kitu. Bado nimeinama pale nikasikia mtu amesimama mlangoni. Alikuwa Bibi Wakuru, vumbi la lori la pamba limemjaa mpaka kwenye kope.

"Tumemzika jana," alisema. "Degedege ilimchukua jioni ile ile mlipoondoka. Nimefuata damu yake. Hatuwezi kumzika nusu."

Nikamwambia, bibi, ni damu kidogo sana. Akasema anajua, aliona tulipoitoa. Kisha akauliza kama bado iko hai.

Ningeweza kusema hapana. Lakini ile chupa ya mshumaa, yenye sahani, ilikuwa nyuma yangu, ina joto la mwili wa mtu, na ndani yake damu ya mtoto aliyekwisha kufukiwa ilikuwa na kitu kinachoendelea kuishi. Nilimwambia kilichomo ndani ndicho kilicho hai. Akaomba akione. Nikamkalisha kwenye stuli yangu, nikamwonyesha namna ya kufumba jicho moja. Alitazama muda mrefu.

"Ndiye huyu aliyemchukua?"

"Ndiye, bibi."

"Na dawa mliyompa mtoto inamfanya nini huyu?"

"Haimfanyi kitu."

"Na wengine bado mnawapa," alisema, bila kuuliza.

Sampuli haikuruhusiwa kutoka maabara. Hata hivyo, nilichemsha kwa mvuke chupa ndogo ya damu iliyobaki mpaka nikawa na hakika hakuna kilicho hai, nikaifunga kwa kitambaa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliipokea kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Mtafiti Mkuu, aliyeongoza kituo chetu, alisoma matokeo yangu amesimama. Hakuwa mtu mbaya. "Andika kwamba sahani iliharibika," alisema. "Ukiandika hivi, kesho tutawapa watu nini?"

Nikamwambia sijui, lakini nimeona. Niliandika nilichoona, nikatia sahihi. Baada ya wiki chache nilihamishiwa Bunda.

Bunda nilimkuta Mganga wa Wilaya, mama mkimya, aliyeniomba nirudie kipimo kwa wagonjwa wengine. Nilirudia, nikakuta vile vile kwa baadhi yao. Akaweka sharti: hakuna anayepewa kidonge katika uchunguzi kama kwinini haimo ndani ya gari. Tukapoteza siku nyingi za kazi kwa sharti hilo, ila hatukupoteza mtoto mwingine.

Baadaye biashara ikafunguliwa. Kidonge kile kikauzwa kila duka, watu wanameza nusu, robo, bila kupimwa. Kisha kikafanywa dawa ya kwanza ya malaria, na ikachukua miaka kabla hakijaachwa. Nilikuwa karibu kustaafu.

Sasa ninaishi Nyegina. Juzi juzi alinitembelea mtafiti mmoja, binti msomi, akanieleza kwamba usugu ule wa kutosikia dawa wanausoma kwenye urithi wa kimelea. Mahali pengine ni herufi moja tu iliyobadilika, pirimidini moja imekaa palipokuwa na pirimidini nyingine. Nikamuuliza jambo lililonisumbua maisha yote: badiliko lile lilikuwemo ndani ya mtoto kabla ya kidonge changu, au kidonge ndicho kilicholileta?

"Lilikuwemo, mama," alisema kwa upole. "Kidonge kiliua wadudu wengine tu, kikamwachia yule sugu nafasi."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi ndani nilimwona Nyangeta kama alivyokuwa siku ile ya kwanza. Alimeza dawa bila kulia, akanywa maji yote, kisha akakigeuza kikombe chini juu mbele yangu, nione kwamba hakubakiza kitu.