Mama Ngalula Alikuwa Hajamaliza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Katanga imejitenga na risasi zinasikika hata wakati wa chai. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kazi niliyoipenda ilikuwa kukaa nyumbani. Mama alichoka kunitazama, akanipeleka zahanati nikamtafsirie daktari mzungu. Nilijiona waziri.

Akaingia Mama Ngalula, mjane wa Kasai, anatapika, kichwa kinamzunguka. Wazee wetu unawajua: ugonjwa hawauanzii tumboni, wanauanzia safarini, kwenye mvua, kwa jirani.

"Mutoto yangu, ile vita ilitukuta ku muto..."

"Mama, fupi! Inauma wapi?"

"Ku tumbo."

Nikampa daktari neno moja: tumbo. Akaandika dawa ya minyoo. Nikajisifu kwa kuokoa wakati.

Muuguzi mzee, Tata Ilunga, alikuwa pembeni akifunga kidonda. "Weye, umekuwa mukasi?" akaniambia. "Muache amalize."

Akamaliza. Mihogo yake michungu huiloweka mtoni siku tatu ili sumu itoke. Safari hii askari walipigana ng'ambo, akaitoa baada ya usiku mmoja tu, akaianika, akaitwanga. Asubuhi hiyo akasonga bukari, ule ugali wetu wa mihogo, akala yeye kwanza, kwani wajukuu walikuwa katekisimu.

Nikamtafsiria daktari, safari hii yote, naye akaweka kalamu chini, akauliza: Iliyobaki iko wapi? Nikamgeuzia Mama Ngalula swali.

"Niliifunikia batoto. Bakirudi, bakule."

Nilikimbia, mwanangu, mimi ninayehema nikienda chooni. Nikakuta wajukuu watatu wamenawa, sufuria katikati, na dada yao mkubwa anaombea chakula, anawataja watakatifu mmoja mmoja. Hakuna aliyegusa tonge. Ile ndiyo sala ya kwanza niliyofurahi kuona haina mwisho.

Nikanyakua sufuria. Mdogo wao akapiga kelele: "Mwizi wa bukari!" Majirani wakatoka na michi. Nikawapigia kelele kuwa ina sumu, huku nacheka.

Mama Ngalula alilazwa, akapona. Siku ya kuruhusiwa akanivuta shati: "Sasa keti, nianze tena, toka Kasai." Nilikaa mpaka jua likageuka, na mukasi wangu mfukoni.

Kwa hiyo wewe unayesomea udaktari pale chuoni Kasapa, usimkatize mgonjwa. Muulize alikula nini, wapi, na nani amebaki nyumbani. Jambo unaloliona la kupoteza muda huenda ndilo lililomleta.

Mungu akupe masikio mapana na kiti kisichochosha mgongo, na wagonjwa wako warudi kwao wakiwa bado wanasimulia.