Sambusa za Shu za Shemeji Zaina

Ijumaa ile naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu yake. Harufu ya mafuta ya moto, kitunguu na nyama ya kusaga, ikitoka uani kwa kaka yangu Yusufu, hapa hapa Buyenzi, watu wakirudi msikitini. Mimi sikusoma sana, nilitoka shuleni mapema nikaingia gereji, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoona, bila kupamba. Na majina nitayataja. Baadhi ya waliohusika wako hai. Wakisikia, wasikie.

Yusufu alikuwa na sukari. Mguu wake wa kushoto ulishaanza kufa ganzi, na muganga wa dispansere alimwambia waziwazi: ukiendelea na hivyo vyakula vyako vya unga, mguu huu utauacha. Kaka yangu alikuwa fundi wa springi za magari, kazi ya kusimama kutwa nzima. Bila mguu hakuna fundi. Lakini alipenda vya kukaanga kuliko kitu chochote. Mandazi asubuhi, sambusa mchana, chipsi jioni, na samaki wa mukeke aliyepakwa unga wa ngano mpaka anaonekana amevaa koti. Kumwambia ale vya kuchemsha ilikuwa kama kumwambia ahame mji.

Mke wake, shemeji yangu Zaina, mwanamke wa Uvira, hakumwambia ahame. Alikaa na karai lake akatafuta njia. Alichukua majani makubwa ya kabichi, sisi tunaita shu, akayachovya kwenye maji ya moto yenye chumvi mpaka yakalegea. Ule mshipa mnene wa katikati aliuchonga kwa kisu. Kisha aliyafuta jani moja moja kwa kitambaa, maana jani likibaki na maji, mafuta yanakurukia usoni. Akatia nyama, akakunja pembe tatu, akafunga kwa ute wa yai. Ukiiona kwa mbali ni sambusa. Ukiiuma inalia kama sambusa. Mukeke alimvisha yai na karanga zilizotwangwa, moto mdogo, kwa sababu karanga zinaungua haraka. Chipsi alikata za papai bichi. Kulikuwa na mama mmoja wa Ruziba aliyemletea mapapai, na Zaina akaziloweka hizo chipsi kwenye maji ya chumvi kutoa utomvu, akazianika kidogo kabla ya kukaanga. Mandazi ndiyo yalimshinda. Ya kwanza, ya karanga tupu na mayai, yalisambaratika ndani ya karai. Alicheka peke yake, akarudia na unga wa soya, yakashikana.

Unajiuliza nimeyajuaje yote haya. Nilikuwa nayala. Mimi pia nilikuwa na sukari, na aliyejua ni Zaina peke yake, kwa sababu alinikuta siku moja nimekaa kando ya bomba la maji, nakunywa kama ng'ombe, akaniambia nenda ukapime. Tangu hapo napita mlango wa uani, nakula jikoni, natoka. Nilimwapisha asiseme. Nilikuwa kijana natafuta kuoa. Saidi, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ndiye aliyekuwa mshenga wangu kwa binti wa mjomba wake, Rehema. Niliamini kwamba ukoo wa Rehema wakisikia nina ugonjwa, maneno yote yamekwisha.

Basi Ijumaa ile tukakusanyika kwa Yusufu kama kawaida yetu. Saidi alikuwepo. Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba yetu, alikuwepo, amekaa pale anapokaa kila Ijumaa, karibu na mlango, ili aone nani anaingia. Zaina akaleta sinia. Upande mmoja sambusa za ngano kwa wageni, upande wa Yusufu sambusa za shu.

Shangazi akaichukua moja kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Zaina, hii ni kitu gani? Tangu lini mutu anavalisha nyama majani?"

"Ni sambusa, shangazi. Ni ya Yusufu. Ya unga iko upande yenu."

"Kumbe mutoto wa kaka yangu amekuwa sungura."

Saidi akadakia. "Shangazi, apana kumuonea. Labda kwao Uvira ngano ilikwisha."

Watu wakacheka. Zaina akasimama pale na taulo begani. "Ngano iko, Saidi," akasema. "Mguu ndiyo hawauzishe ku soko."

Hilo lingetosha kwa watu wenye aibu. Lakini Shangazi Mwajuma alishika ukingo wa sinia, akalizungusha taratibu, mpaka za ngano zikamwelekea Yusufu na za shu zikaelekea mlangoni. Akasema, "Mu nyumba ya kaka yangu, mwanaume hawezi kula chakula ya mugonjwa mbele ya wageni."

Mwanangu, sinia kwetu ni moja. Unakula kilicho mbele yako, hupeleki mkono upande wa mwingine. Kwa kulizungusha alikuwa amemaliza. Yusufu hakuweza kuyafuata majani yake kule mlangoni bila kupita mbele ya shangazi yake. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Akaishia kwangu, maana za shu sasa zilikuwa karibu na mkono wangu.

"Hamisi," akaniambia, "we unasema nini?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anatafuta mtu mmoja tu. Ningechukua moja, nikaitia mdomoni, angecheka, angeniambia nimpitishie, na Ijumaa ingeendelea. Nikamtazama Saidi. Saidi alikuwa ananitazama mimi.

"Kula tu, kaka," nikasema. "Ni siku moja."

Nikanyoosha mkono kuvuka sinia, nikachukua ya ngano, nikaila mbele yao wote. Yusufu naye akala. Akala sana, kama mtu anayelipiza kisasi, na shangazi akampiga begani kwa furaha.

Walipoondoka, Zaina alikuja kukusanya vyombo. Sambusa zake zilikuwa vilevile alivyozipanga, kasoro ile moja ambayo shangazi aliigeuzageuza na kuiacha. Akanipita karibu, akasema polepole bila hasira, "Zako nimeziweka nyuma ya mulango."

Na nilikwenda nikazila. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Nilizila, zilikuwa tamu.

Tangu siku ile Yusufu alikataa karai la mkewe. Akiona jani la shu anasema hataki kuchekwa ndani ya nyumba yake. Zaina akaendelea kupika, akaishia kula yeye na mimi. Halafu siku moja kipande cha chuma cha moto kiliingia ndani ya kiatu cha kaka yangu kazini, naye hakusikia kitu, akafanya kazi mpaka jioni. Alipovua kiatu, soksi ilikuwa imeshikana na nyama. Kidonda hakikufunga. Walikata mguu chini ya goti, kisha juu ya goti.

Nilimwambia ukweli akiwa hospitali. Nilidhani nitampa moyo. Nikamwambia kaka, mimi pia ninayo, nimekula chakula cha Zaina muda wote huu, nimesimama, na wewe utasimama. Akageuza uso kwenye mto, akanitazama.

"Kumbe we ulikuwa unakula."

"Nilikuwa nakula."

"Ungenyoosha mukono tu, Hamisi."

Hakuniambia neno jingine juu ya jambo hilo, na hakutoka pale hospitali akiwa hai.

Matangani Shangazi Mwajuma alikuwa anawaambia wanawake kwamba Zaina alimdhoofisha mume wake kwa majani. Hapo ndipo nikapata mdomo. Nikasimama mlangoni nikasema mimi ndiye niliyekula majani, nina sukari ileile, tazameni miguu yangu. Shangazi akanitazama, akaniomba nimsogezee chai. Saidi akainamisha kichwa. Zaina alirudi kwao Uvira eda yake ilipokwisha, na karai lake akaniachia mimi.

Na Rehema? Nilimwendea baba yake mwenyewe, bila Saidi, nikamwambia nilicho nacho. Mzee yule akaniuliza, "Sasa huwa unakula nini?" Basi. Hicho tu ndicho alichotaka kujua. Niliogopa swali hilo, na kwa kuliogopa nikamwacha kaka yangu peke yake mbele ya watu. Shangazi Mwajuma alizungusha sinia, Saidi alicheka, na mimi nilikuwa na mkono mzima nikaupeleka kwingine. Ukiwapanga, mimi nipange wa kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Ukiambiwa una sukari, meza vidonge vyako kama ulivyoelekezwa, usidhani shu ni dawa. Lakini usikubali kupikiwa kando kama mfungwa. Kaanga za shu za kutosha nyumba nzima, jaza sinia lote, wageni wale hizohizo au wangoje wali kwao. Yafute majani vizuri. Karanga moto mdogo. Na kama ugonjwa huo unao na jirani yako pia anao, usile nyuma ya mlango. Kaa naye, chukua ya kwanza wewe, watu wakuone unatafuna. Watacheka. Waache wacheke mpaka wachoke, wewe endelea kutafuna.

Rehema anakaanga sasa hivi, kwenye karai lile la Zaina. Mungu akulindie miguu yako, mwanangu, ikufikishe unakokwenda na ikurudishe. Akupe nyumba ambayo hakuna anayeona haya kwa kilicho mbele yake. Na siku mtu wa kwenu atakapokutazama akitafuta mtu mmoja tu, Mungu aufanye mkono wako uwe mwepesi kuliko wangu.