Mke wa Mtu Asiyekuwepo

Mume wangu nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Kwanza alipoleta suruali yake ya jeshi kupunguzwa kwa baba, aliyekuwa fundi cherehani mjini Arua. Halafu siku alipokuja na wazee wake kuniposa, nikamchungulia kutoka jikoni. Siku ya ndoa yenyewe hakuwepo. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1978, vita vimeanza upande wa Tanzania, na askari hawakupewa ruhusa. Kaka yake aliketi mahali pake, shehe akasoma, watu wakala pilau. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Nilimuuliza mama kama siwezi kumngojea hapo nyumbani.

"Bibi ya mutu haingoji kwa baba yake," alisema huku akikunja kanga zangu. "Nyumba yako sasa iko Koboko."

Shangazi ndiye aliyenipeleka, kwa lori la tumbaku. Baba alitoka dukani na futi yake shingoni. Aliona kifungo cha mkono wa gauni langu kimefunguka, akakifunga, akarudi ndani.

Mama mkwe alikuwa mjane, na mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki kwa tumbo lake. Yule kaka aliyeketi badala yake alikuwa wa mama mwingine. Mama mkwe alinipokea vizuri. Lakini wiki zilipita bila barua wala salamu, akaanza kunikwepa. Nikipika, hali. Asubuhi moja nilimsikia akimwambia jirani uani, "Tangu huyu aingie, habari ya mtoto wangu imekatika."

Nilifunga nguo zangu nikaenda barabarani kutafuta gari la Arua. Nilikaa pale hadi adhuhuri. Magari yaliyopita yalijaa askari waliotoka kusini, wengine hawana viatu. Mama mkwe akaja, akaketi kando yangu chini kwenye vumbi. Hakuniomba msamaha. Aliuliza kila gari lililopunguza mwendo: "Mwanangu iko wapi?" Aliendelea kuuliza mpaka sauti ikamkauka. Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani.

Serikali iliangushwa, na jeshi la serikali mpya lilipokaribia, mji wote ulihama. Wazazi wangu, nilikuja kusikia, walivukia Zaire kwa njia ya Vurra. Sisi tulikwenda kwa miguu hadi Sudan, mimi na mama mkwe, godoro moja na sufuria mbili kichwani. Njiani alivimba miguu. Palipokuwa na tope nilimbeba mgongoni.

Kule Sudan tulimpata askari aliyekuwa kikosi kimoja na mume wangu. Alisema alimwona mara ya mwisho karibu na Masaka, akiwa hai. Hakujua zaidi. Neno hilo "hai" lilitutesa kuliko msiba. Shehe alituambia tungoje miaka minne kabla ya kumhesabu amekufa. Tulilima mihogo, tukasuka sinia za ukindu, tukangoja. Usiku sikuweza kumlilia, kwa sababu uso wake sikuukumbuka sawasawa, na jambo hilo lilinitia aibu mbele ya mama yake.

Miaka minne ilipotimia nilikaa eda ya mwanamume ambaye hakuwahi kula chakula changu. Siku zilipokwisha, kaka yake wa mama mwingine alikuja na wazee kusema kwamba mimi ni mali ya ukoo, yeye atanirithi.

Mama mkwe alikuwa akipepeta mtama. Hakuinuka.

"Huyu si mke wa mtu," aliwaambia. "Huyu ni binti yangu. Anayemtaka aje aniombe mimi, na yeye mwenyewe akikataa, mtarudi kwenu."

Nilikataa. Waliondoka bila kumaliza chai.

Nilikaa naye miaka mitatu zaidi. Aliyenioa baadaye alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na siku ya ndoa alikuwepo. Wazazi wangu walikuwa bado upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo aliyeketi nami chumbani kunifunga kanga na kunipaka hina alikuwa mama wa mume wangu wa kwanza. Mimi nilishindwa kumtazama.