Kinoo Kilichoanguka Kutoka Angani

Kazini walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kupimiwa. Alikuwa fundi wa kukata mawe katika maabara, na mawe hayamlazimishi mtu kuongea. Mawe yenyewe yalikuwa vimondo vilivyodondoka kutoka angani. Kimya aliyakata kwa msumeno wa waya, polepole, bila tone la maji, kwa sababu maji huyaharibu. Kisha daktari wa sayansi ya vimondo, mwanamke mmoja mwenye kicheko cha karibu, alivitazama vipande kwa hadubini akitafuta punje nyeupe zilizoganda kabla dunia haijawa dunia.

Safari hii jiwe lililokuwa mezani lilitoka kwa mama mkwe wake.

Lilianguka zamani, likatoboa banda la kuku. Marehemu baba mkwe akaliokota, akaliweka mlangoni pa jiko, akalifanya kinoo. Kila asubuhi alinoa kisu hapo huku akimtania mkewe, hata upande mmoja ukalika, ukawa na kibonde laini kama kiganja. Alipofariki, mjane hakulisogeza. Kila akifagia, alilifuta kwa kitambaa cha maji.

Kimya alilitambua kwa ganda lake jeusi, naye ndiye aliyeliomba.

"Lichukue, mkwe," mama alisema. "Ila huo upande aliokuwa akinolea mzee nirudishie. Huko kwingine kateni, mkitaka mpikie mchuzi."

"Nitaurudisha, mama."

Kwake yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa daktari alikuwa ameinama juu ya kile kibonde, na sauti ikampanda. "Fundi, njoo uone! Visu vimekwangua ganda, punje imejitokeza. Kubwa kama mchele! Anzia hapa hapa."

Kimya akashika waya, akauachia.

"Vipi, msumeno mbovu?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Hapo... hapo ni pa baba mkwe."

"Pa nani?"

Masikio yakamwaka moto. Alisimulia kwa shida, maneno yakipanda moja moja kama ndoo kutoka kisimani: kisu cha asubuhi, mlango wa jiko, kitambaa cha mjane, ahadi aliyoitoa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kitambaa cha maji?"

"Kila akifagia."

Daktari akashika kichwa. "Maji, na chuma cha kisu juu yake! Basi uso huu umeshachafuka, hautanieleza kitu. Punje safi imo ndani." Kisha akacheka. "Mama mkwe wako ameshinda. Ingia kwa nyuma, fundi. Ila ukiukaribia uso, mkono usitetemeke. Ukipasuka, mimi simo."

Alikata siku nzima. Waya ulipofika karibu na kibonde, alikuwa anapumua kwa pua, nusu nusu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Hatimaye ule uso ukabaki mkononi mwake, bapa kama kisahani, mzima.

Jumapili aliupeleka. Mama alikaa mlangoni pa jiko, akapitisha kidole gumba kwenye kibonde, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Ni hapa," alisema. "Na hiki cheupe?"

"Ni punje. Daktari ameisoma sehemu yake ya ndani. Anasema iliyeyuka kwenye moto mkali, ikaganda, vumbi likaizunguka. Jua lilikuwa bado changa. Dunia haikuwepo, mama. Hata jiwe la kukalia."

"Na mzee wangu akawa ananolea kisu cha vitunguu!" Alicheka hadi machozi, kisha machozi yakabaki yenyewe. Kimya akakaa chini karibu naye.

Baada ya muda mama akajifuta kwa kanga, akanyanyuka, akamletea kisu.

"Hakikati hata nyanya. Kinoe, mkwe."

Kimya akalitazama jiwe, akamtazama mama.

"Wewe! Noa kwenye ngazi hapo," mama akasema, akikikumbatia kile kipande. "Hili limestaafu."